Mapigo Tisini na Nane

Siku ile wazee wanne wa ukoo wa mume wangu walipobeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, mpaka Kemondo, kwa baba yangu, kumwomba anirudishe kwa mume wangu, mimi nilikuwa jikoni kwa mume wangu namenya ndizi. Sikuwa nimekwenda popote. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani labda nilikuwa na kosa kidogo. Sikuwa nalo.

Chanzo chake ni kitanda. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama mkwe aliniweka ndani kama desturi inavyotaka, akanilisha. Ndizi kwa samaki, uji, ndizi kwa maharage, uji tena. Kwa miezi minne kazi yangu ilikuwa kunyonyesha na kunyonyeshwa. Wageni walipokuja aliukamata mkono wangu juu ya kiwiko, akauminya mbele yao, akasema, "Tazameni, huyu hajui hata jembe limewekwa wapi." Wageni wakamsifu. Yeye, si mimi.

Lakini nilikuwa nimesoma mpaka darasa la kumi, na si kwa ajili ya kuminywa mkono. Shule ya wasichana ya misheni, maili tatu kutoka kwetu, ilikuwa ikitafuta mwalimu wa elimu ya afya na mazoezi ya viungo. Niliandika barua, wakanijibu kwamba nafasi ni yangu muhula ujao nikileta cheti cha daktari kuwa nina afya ya kuifanya kazi hiyo. Kaka mkubwa wa baba mkwe, ambaye sote tulimwita baba mkubwa na ambaye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho katika ukoo, alisema mwanamke aliyezaa juzi hawezi kwenda kurukaruka mbele ya watoto wa watu. Mume wangu, karani wa kupima kahawa, alisema tungoje tusikie daktari atasema nini. Mume wangu ana namna hiyo ya kujibu bila kujibu.

Nikapanda lori la kahawa hadi Bukoba. Daktari alikuwa mama wa Kizungu, mzee, mwembamba, aliyesema Kiswahili polepole kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Alinikalisha robo saa nzima kwanza, akanishika kifundo cha mkono, akaitazama saa yake. Tisini na nane. Akapumzika, akahesabu tena. Tisini na nane.

"Moyo wako si mgonjwa," alisema. "Ni mvivu. Ukikaa kitako unapiga kama wa mtu anayepanda mlima. Siku utakapoupanda huo mlima utafanya nini?"

Akanieleza kwamba moyo ni kama msuli wa mguu, ukitumikishwa kila siku unapata nguvu, na wenye nguvu husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hauna haja ya kupiga ovyo. Nitembee kwa haraka, kisha nikimbie, kila asubuhi. Nirudi baada ya miezi mitatu, wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Mapigo yakiwa chini ya sabini na tano ataniandikia. Yasipokuwa, hataniandikia, maana hawezi kumpa shule mwalimu wa mazoezi atakayeanguka mbele ya darasa.

Niliondoka na hasira ambayo ingetosha kulivuta lile lori. Mvivu, mimi. Mimi niliyelazwa kwa nguvu.

Nikaanza kesho yake. Kabla ya kuinuka kitandani nilivaa saa ya mume wangu, yenye mshale wa sekunde, nikashika kifundo cha mkono na kuhesabu dakika nzima, midomo ikicheza. Siku ya tatu mama mkwe aliingia na uji, akanikuta hivyo. Familia yetu ni ya Kilutheri tangu babu. Akasimama mlangoni, akamwambia mwanawe aliyekuwa bado amejifunika shuka, "Wakatoliki wanahesabu shanga. Huyu wako anahesabu mkono. Ni dini gani?"

Nilimweleza. Hakuamini, basi nikaomba mkono wake nimpime. Alikuwa ametoka kisimani na mtungi, na mteremko wetu unaujua mwenyewe ukiupanda. Nikamwambia aketi kidogo kwanza, akaketi. Hamsini na nane. Nikahesabu tena, nikidhani nimesinzia. Hamsini na nane. Mwanamke asiye na hata darasa moja, mwenye wajukuu saba, ana moyo wa askari, na aliyesoma mpaka darasa la kumi ana moyo wa kuku aliyeshikwa. Nilimpima mume wangu, akapata themanini na tisa, akasema saa ina kasoro. Nikampima mtoto, mapigo mia moja na thelathini. Nikapiga kelele kwamba mtoto anakufa. Mama mkwe alicheka hadi akaweka uji chini. Watoto wachanga wote wako hivyo, alisema, weka sikio lako kifuani mwa kifaranga uone.

Basi nikakimbia. Kulipopambazuka tu nilimwachia mama mkwe mtoto akiwa ameshiba, nikajifunga kanga vizuri, nikashika barabara inayokwenda Kemondo, kwa sababu ndiyo iliyo tambarare, inapita juu katika rweya, kwenye nyasi tupu ambako hakuna mgomba wa kukuficha. Mwanzoni nilikimbia kutoka jiwe hadi jiwe, nikitembea katikati na kuwatukana wote ninaowajua, kimoyomoyo. Kufika darajani nilikata kulia, nikarudi kwa njia ya chini inayopita vibanjani, kwenye migomba ya watu, na kupanda mteremko wa kisima, maana kupanda ndiko kunakoufunza moyo. Wiki ya pili tisini na mbili. Wiki ya nne themanini na tano. Wiki ya sita yalirudi tisini kwa sababu mtoto alikuwa na homa na sikulala, nikataka kuitupa saa chooni. Mama mkwe akanipokonya. Ni ya mwanangu, alisema, hasira ni yako.

Yeye hakunikataza. Baada ya kusikia hamsini na nane alianza kuniangalia kwa huruma, kama mtu mwenye ng'ombe wengi anavyomwangalia jirani mwenye mbuzi mmoja.

Shida ilitoka barabarani. Kwetu mwanamke mzima hakimbii. Akikimbia ni moto, ni nyoka, au amenoba. Kunoba ni kumwacha mume na kurudi kwa baba yako, na anayenoba hutoka alfajiri, mikono mitupu, mtoto kamwacha, uso kauelekeza kwao. Hesabu mwenyewe nilikuwa na alama ngapi kati ya hizo. Wanaume waliobeba mikungu kwa baiskeli waliniona nikiondoka kwa mbio kuelekea Kemondo. Kurudi kwangu hawakukuona, maana nilirudi kwa njia ya chini, katikati ya migomba. Kwa hiyo kwa muda wa wiki kadhaa watu waliniona nikimkimbia mume wangu kila siku, na hakuna aliyejiuliza nafikaje nyumbani ili niondoke tena kesho yake.

Habari ikamfikia baba mkubwa kwenye rubisi. Hakuja kuuliza. Kumwuliza mwanamume kama mkewe kamwacha ni kumtia aibu mara mbili. Alifanya kilicho sahihi kwa desturi. Akakusanya wazee watatu, wakajaza kibuyu kikubwa, wakaanza safari ya Kemondo kabla ya jua. Siku hiyo, kwa bahati mbaya yao, mvua ilinyesha alfajiri na mimi sikukimbia.

Mambo ya huko nilisimuliwa baadaye na baba, na baba huyu, tata yangu, si mtu wa kusema uongo ila anaupunguza ukweli kidogo ukimwelemea. Walifika, wakasalimiana, wakamkaribisha kwenye kibuyu. Tata akanywa. Kwa desturi, akishakunywa baba wa mke, amekubali kesi isikilizwe kwake. Ndipo baba mkubwa akasema wamekuja kwa unyenyekevu kumchukua binti.

Tata hakuwa na binti. Hakujua binti yuko wapi. Lakini rubisi ilikuwa imeshapita kooni, na mtu hawezi kunywa rubisi ya watu halafu aseme mwanamke mnayemtaka hayuko. Akasema binti amepumzika ndani na hawezi kutoka kwa sasa. Kisha akauliza wamemfanya nini.

Hapo wazee wakaanza kujikosoa wenyewe kwa wenyewe. Mmoja akasema labda ni kazi. Mwingine akasema labda ni ile shule. Tata, ambaye mwezi mmoja kabla alikuwa amepata barua yangu ya kurasa nne juu ya baba mkubwa, akasema ndiyo, ni ile shule. Wakabishana mpaka kibuyu kikafika nusu. Mwisho baba mkubwa akatamka mbele ya mashahidi kwamba nikirudi kwa hiari, na daktari akikubali, nitafundisha, na hakuna wa ukoo atakayefungua mdomo. Wakanywa juu ya neno hilo. Tata akawaambia watangulie, binti atafuata.

Walitufikia jioni, wamechoka, matope hadi magotini. Baba mkubwa akaingia uani kumpa mume wangu habari njema. Akanikuta nimekaa kwenye kigoda, kisu mkononi, maganda ya ndizi yamenizunguka na mtoto mgongoni.

"Umefikaje kabla yetu?"

Wakati huo sikujua chochote juu ya Kemondo. Nilidhani anauliza habari ya jana yake, kwamba wanawake wa kwake walikuwa wakitoka kisimani nikawapita mteremkoni, jambo ambalo lilitokea mara nyingi.

"Nilikimbia, baba."

Akageuka, akawatazama wenzake. Mzee mmoja akaketi chini palepale, akavua kofia. Mama mkwe akatoka ndani akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa, "Huyu? Huyu anakimbia kila siku. Hamjui?"

Nilipokuja kuelewa kilichotokea nilikasirika siku mbili. Wanaume watano wamekaa chini wakanijadili kama kuku aliyeruka ua, mimi sipo, na wakafikia mwafaka. Kwamba mwafaka wenyewe ndio niliokuwa nautaka hakukunipoza hata kidogo. Lakini sikuwarekebisha. Ukoo mzima ukaanza kusema kwamba mke wetu anatoka Kemondo na kufika kabla ya wanaume wanne, na baba mkubwa ndiye aliyesema kwa sauti kubwa zaidi. Lilibaki neno la daktari.

Siku ya cheti baba mkubwa alijialika. Mama mkwe alikuja kumshika mtoto. Kitandani asubuhi nilipata sitini na saba, nikafurahi. Lakini ndani ya lori baba mkubwa aliwasimulia abiria, kutoka kwetu hadi mjini, jinsi alivyonishauri kuanza mazoezi. Yeye. Nilikaa kwenye magunia, meno yamebana, na kufika hospitali daktari alinishika mkono akapata themanini na sita.

Aliweka kalamu chini. Nikasema hiyo si ya moyo, ni ya yule mzee nje. Nilimsimulia. Sijui alielewa nini katika habari ya kunoba, lakini alinionyesha kitanda cha wagonjwa ukutani.

"Lala hapo. Usifikiri mtu yeyote."

Nikalala ili kumridhisha. Shuka lilikuwa safi, hakuna aliyeniita, hakuna aliyelia, hakuna aliyetaka kumenyewa ndizi. Nakumbuka niliona dirisha, na baada ya hapo sikumbuki kitu.

Nilipofumbua macho jua lilikuwa limehamia ukuta mwingine. Mama mkwe alikuwa ameketi karibu, mtoto amelala mapajani, kidole chake kimeshika kifundo changu cha mkono.

"Sitini na tatu," alisema. "Daktari kahesabu mara mbili, mimi mara moja. Baba mkubwa wako alitaka uamshwe tuwahi lori. Nikamwambia atakayekuamsha atakimbizwa na wewe."

"Lori liko wapi?"

"Limekwenda. Naye kapanda."

Maana yake tulale mjini kwa watu, tusumbue, halafu tuamke kusubiri lori lingine, na nyumbani ndizi hazijakatwa. Nikakasirika. Moyo ukapanda tena, niliusikia masikioni. Lakini karatasi ilikuwa juu ya meza, na muhuri wake ulikuwa umeshakauka.