Chuma ni Kizima

Ndugu yangu huniita Mathe. Mimi si mama yake. Nilimtangulia kuzaliwa tu. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikakaa kwenye cherehani ili yeye na wadogo wengine wale. Jina likabaki.

Pikipiki ilimvunja nyonga akiwa bado kijana, akatiwa ya bandia: kichwa cha chuma ndani ya kikombe cha plastiki. Mimi niliogopa kutu. Mvua ikianza kunyesha Makongeni, nilimkataza kutoka.

"Mathe, kwani mimi ni mabati?" alikuwa akiniuliza, na wateja wake pale kinyozi wakicheka. Alinyoa kutwa akiwa amesimama, na kazi hiyo aliipenda.

Kisha paja likaanza kumuuma kila alipoinuka kitini. Hatua za kwanza aliuma meno, halafu maumivu yakapoa. Tulisema ni baridi, nikawa namkanda kwa maji moto. Siku moja nikaona suruali niliyomshonea mwenyewe inaburuta chini upande wa kushoto. Nilidhani nimekosea kipimo, nikaupima mguu wenyewe. Ulikuwa umefupika.

Daktari alituonyesha picha. "Chuma ni kizima," alisema. Kilichosagika ni plastiki, mapema kuliko walivyotarajia. Unga wake umeingia kwenye mfupa, mwili umepigana nao, na katika kupigana huko umekula mfupa wake wenyewe. Sasa chuma hakina pa kushika, kinazama ndani ya mfupa wa paja.

"Si mnitie ingine?" ndugu yangu akauliza.

"Ya pili pia inataka mfupa wa kuishikilia. Wako umebaki mwembamba mno. Tukiufungua unaweza kuvunjika, usitembee tena."

"Na tukingoja?"

"Mfupa utazidi kuliwa."

Niliuliza kama kuna chakula cha kuurudisha, maziwa au supu ya mifupa. Daktari akatikisa kichwa.

Nje nilimwambia ndugu yangu aache kazi akae nyumbani, nitamlisha kama zamani.

"Nikikaa, mfupa utarudi?"

"Hautarudi."

"Basi wacha nisimame, Mathe."

Siku hizi ananyoa ameegemea mkongojo. Jioni nafunga cherehani mapema, naenda kumchukua. Hatuzungumzi habari za nyonga. Ananiambia nani amekataa kunyolewa ndevu, nami naitikia, huku nikizisikiliza hatua zake, nikijua kila moja inasaga.