Dawati Pana la Darasa la Tatu

Kazi nyingi nimezifanya nikazisahau. Moja niliichelewesha makusudi, na hiyo ndiyo ninayoikumbuka.

Mimi ni fundi wa madawati. Karakana sina; nina mfuko wa turubai wenye msumeno, randa, nyundo na kopo la misumari. Nazunguka shule hadi shule, nalala ninapopewa chumba, nikimaliza nahama. Safari hiyo nilipewa stoo nyuma ya madarasa, na ndani yake madawati arobaini yaliyokuwa yakichechemea kama wazee wenzangu.

Katika dawati moja la darasa la sita, pale chini wanapoweka vitabu, nilikuta ghala. Karanga zilizofungwa kwenye karatasi, vipande vya mkate, biskuti sita zimepangwa mstari kama askari. Nikala biskuti moja. Fundi naye ni mtu.

"Babu, hiyo ilikuwa ya aya ya nne," sauti ikasema mlangoni.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na mlango ulikuwa umejaa. Wenzake walimwita Bonge. Wakimtania huwa halii, anawajibu, "Bonge la akili, lete daftari lako la hesabu," nao wanaleta, maana alikuwa akiwafanyia hesabu zao kwa malipo ya biskuti. Hapo ndipo ghala lilipojaa.

Nyumbani vita ilikuwa imeshatangazwa. Muuguzi wa zahanati alimpima, akatikisa kichwa, akampa mama yake karatasi ya vyakula vya kuacha. Mama akafunga kabati la chakula kwa kufuli. Mwalimu wa michezo akamzungusha uwanjani kila asubuhi. Na yeye akaendelea kunenepa kwa utulivu kabisa, kama mtu asiyehusika.

Habari ya aya ya nne sikuielewa. Nilidhani mtoto ana njaa yenye ratiba.

Jumatatu alikuja mwalimu wa darasa lake. Huyu watoto walimbandika jina la Tafuna Kwanza. Alilelewa na bibi mkali, na kitu kimoja alichokuwa hawezi kukivumilia duniani ni mtu kusema huku ana chakula mdomoni. Mtoto akisimama kusoma na shavu limetuna, atamwambia, "Tafuna kwanza, nitarudi kwako," ampe zamu anayefuata. Ila kurudi, kengele ilikuwa haimpi nafasi.

"Fundi, nataka dawati moja. Pana na imara. La darasa la tatu."

"Mwalimu, darasa la tatu wana viuno kama vya panzi. Upana wa nini?"

"Ni la yule msichana mnene. Nimekubaliana na mama yake, Jumatatu ijayo anarudishwa la tatu. Hesabu anapata zote, lakini karatasi ya kusoma ananirudishia tupu, ina alama za mafuta tu. Ni uvivu. Akili yote imehamia tumboni."

Alipoondoka, Bonge akatokea nyuma ya madawati. Sijui mwili ule aliuficha vipi.

"Babu, ukilimaliza hilo nimekwisha."

"Kwa nini, mjukuu wangu?"

"Mdogo wangu yuko la tatu. Atanicheka darasani, tukifika nyumbani anicheke tena." Akanitazama. "Si ulicheleweshe? Mafundi wote si huchelewa?"

"Umenitukana," nikamwambia, "lakini hujakosea."

Basi nikaingia kazini, yaani kazi ya kutofanya kazi, na humo nina uzoefu. Jumanne mwalimu alipokuja nilimwambia gundi haijakauka. Jumatano, mbao ina unyevu. Alhamisi, msumeno umeisha meno.

"Mzee, mbona msumeno wako unazeeka kwa siku kama maziwa?"

"Njoo kesho, mwalimu."

Kila alasiri Bonge alikuja kuhakikisha kwamba hakuna maendeleo. Alikagua kwa makini. Akiona msumari mmoja umeingia ananuna, nami nautoa. Ilifika mahali kiti kilikuwa kimeshikiliwa na heshima tu.

Alhamisi hiyo nilimpa kikaratasi changu cha vipimo. "Nisomee hapo, miwani siioni." Ilikuwa kwenye paji la uso, lakini hakusema.

Akatia karanga mdomoni.

Nikasubiri. Mimi sina kengele. Akameza, akatia nyingine, nikasubiri. Ukaja mkate. Nikakaa juu ya kopo langu la misumari, nikatazama kuku akipita nje. Akafuta vumbi la biskuti mfukoni kwa kidole, akalilamba. Ikawa hakuna tena.

"Haya," nikasema.

"Tarakimu nazisoma. Maneno siwezi, babu." Akavuta kamasi. "Herufi hazitulii. Nikiishika hii, ile inahama. Wengine wanaziona zimesimama?"

Nikamwambia mimi naziona zimesimama, ila niliishia darasa la nne, kwa hiyo si nyingi ninazofahamiana nazo. Akacheka kidogo. Ndipo akanieleza mpango mzima: wanasoma aya kwa zamu, yeye anahesabu wanaomtangulia, anatoa wasiofika, anajua aya yake itakuwa ya ngapi, na aya mbili kabla anaanza kutafuna. Tangu darasa la pili. Hakuwahi kukosea hata siku moja.

"Na ukiwa umeshiba?"

"Nakula tu, babu. Kusoma hakujali kama umeshiba."

Nilitaka nikamwambie mwalimu jioni ile ile. Akanishika mkono, akaniapisha nisiseme. Afadhali aitwe mlafi, alisema, kuliko aitwe mjinga. Nikaapa, na usiku nikajilaumu.

Ijumaa mwalimu akaingia amekunja mikono ya blauzi. Bonge alikuwepo, na alipomwona tu akajaza mkate mdomoni.

"Leo sitaki hadithi ya gundi, mzee. Na wewe, unafanya nini huku?"

Mtoto akanyoosha kidole kwenye shavu.

"Tafuna kwanza," mwalimu akasema kwa mazoea, akanigeukia mimi.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme uongo wa Ijumaa, nikasikia mtu anameza. Alimeza kwa nguvu mpaka macho yakamtoka.

"Nimemaliza, mwalimu," akasema. "Nirudie."

"Nikurudie nini?"

"Ulisema utarudi kwangu. Mwalimu, mimi kusoma sijui. Si uvivu. Herufi zinahama. Zamu yangu ikikaribia nakula ili uniruke."

Mwalimu akatafuta pa kukaa, na kiti kilichokuwa karibu naye ni kimoja tu: kile cha dawati pana. Nilipaza sauti, lakini nilichelewa, kama kawaida yangu. Kiti kikaachia pande zote nne. Akaketi sakafuni katikati ya mbao, miguu imenyooka, kiatu kimoja mbali.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha Bonge akashindwa.

Mwalimu hakuinuka. Alikuwa anahesabu kwa vidole.

"Tangu lini?"

"Darasa la pili."

"Darasa hili nimepanda nalo tangu la pili." Akakunja kidole cha mwisho. "Kwa hiyo muuguzi anakukataza, mama yako anafunga kabati, na miaka yote hii anayekulisha ni mimi."

"Karanga nilitafuta mwenyewe, mwalimu," Bonge akasema, kwa upole kabisa.

Tulimwinua, tukamtafutia kiatu. Akaniambia dawati lisiende darasa la tatu. Lipelekwe ofisini kwake, na kiti niongeze upana kidogo, wakae watu wawili. Nilimaliza kesho yake saa nne asubuhi. Sijawahi kuharakisha hivyo tena.

Walianza Jumatatu, kabla ya kengele. Mwalimu alifunika ukurasa wote kwa karatasi mbili, akaacha mstari mmoja katikati, ili herufi zikose pa kukimbilia. Zilikimbia hivyo hivyo, ila kidogo. Wiki ya kwanza, mistari miwili. Biskuti zikaanza kubaki mifukoni mwa wenye daftari, nao wakalalamika kwamba Bonge siku hizi anafanya hesabu bure na hivyo hawamwamini. Unene ulipungua kidogo, ukasimama, ukakaa. Mama yake aliondoa kufuli.

Asubuhi niliyoondoka nilipita dirishani na mfuko wangu begani. Alikuwa amekwama kwenye neno moja refu, jasho linamtoka, mdomo mtupu. Mwalimu akainama kumsaidia.

"Usiniambie, mwalimu," akasema. "Subiri."

Kengele ikalia. Mwalimu hakuinuka.