Mwalimu, Bibi Yangu na Kabati

Leo mwalimu ametongoza bibi yangu na Kiingereza, mimi nikiwa hapo hapo!

Alikuja workshop yangu hapa Eldoret kuagiza kabati, akapata bibi ameniletea chai.

"Mama, unajua 'cupboard' zamani ilikuwa tu ubao wa kuweka vikombe? Milango ilikuja baadaye. Na hiyo P hakuna mtu huisoma."

Akaliandika hilo neno kwa mbao niliyomtengea ya mlango wa kabati, na penseli YANGU.

Bibi: "Kumbe!"

Miaka tisa natengeneza kabati, sijawahi ambiwa hata kumbe moja.

Alipoenda nikachukua randa. Neno liliisha nilipoipitisha mara ya kwanza. Mimi nikaendelea.

Bibi akashika mbao. "Baba Chebet, si sasa imekuwa nyembamba?"

Mbao ingine sina.

Sasa bibi ameomba namba ya mwalimu, eti amweleze polepole kwa nini kabati itachelewa.

Wanaume, nimpe?