Kijitabu cha Lumbesa

Mwajabu ni mjane wa Kongwa, mkulima wa mahindi, na ukimchokoza umeyataka mwenyewe. Miaka mingi aliuza mahindi sokoni Kibaigwa kwa lumbesa: gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezwa kilemba juu, na kile cha juu kinakwenda bure kwa dalali. Wenzake walinung'unika wakaenda zao. Yeye aliandika kijitabu, akamtaja dalali Masudi kwa jina, akaniletea nikichape.

Mimi Bilkis nina mashine ya uchapaji mjini Dodoma. Masudi alikuwa mteja wangu wa kalenda, kwa hiyo niliogopa, sikatai. Nikachapa hivyo hivyo. Kabla ya kumkabidhi Mwajabu mzigo wake, nilitenga nakala za Maktaba ya Taifa nikazipeleka, kama marehemu baba alivyonizoesha. Sheria inamtaka mchapaji apeleke huko nakala za kila kitabu anachochapa, wala haiulizi ni kinene au kimebanwa kwa pini mbili. Watu hudhani rafu zile hujazwa na vitabu vya wakubwa tu. Wapi!

Vijitabu vilipofika sokoni, Masudi alivinunua vyote, akawagawia wauza karanga wafungie. Mwajabu alilia kwa hasira. Nilipomkumbusha kwamba vingine viko maktaba, alipanda gari hadi Kibaigwa akampasha Masudi habari hiyo mwenyewe. Mwingine angenyamaza.

Kesho yake wote wawili walikuwa dukani kwangu.

"Shikamoo, mama," Masudi akamwamkia Mwajabu.

"Marahaba."

"Nenda kavichukue. Wewe ndiye mwandishi, hawatakukatalia."

"Siendi."

"Wajukuu zangu watakuja kulisoma jina langu mle."

"Ndiyo maana siendi. Wangu nao watataka kujua mahindi yetu yalikwenda wapi."

Masudi akanigeukia mimi. Alisema kalenda zake atachapisha kwingine. Nilikuwa nimeshachoka kumwogopa.

"Kilichopokelewa kule hakirudi, kaka Masudi," nikamwambia. "Kama umesingiziwa, andika chako. Nitakichapa, na nakala zake nitazipeleka vilevile. Vitakaa rafu moja."

"Niandike nini?"

"Andika unavyojaza gunia," Mwajabu akasema.

Nilichukua kalamu, nikamwuliza Masudi anataka kurasa ngapi.