Chupa ya Chai ya Nyumba Kumi

Kosa langu la kwanza nililifanya kabla hata sijauona mlima: niliazima chupa ya chai ya nyumba kumi.

Shina letu la chama, nyumba kumi za huku Temeke, lilikuwa na chupa moja kubwa ya chai, nje bati la kijani, ndani kioo. Tuliichangia sote. Ilitolewa kwenye misiba, kwenye vikao, na anapokuja mgeni wa tawi. Siku nyingine ilikaa kabatini kwa balozi wetu, kiongozi wa shina, mama wa kutoka Masasi ambaye hakuna aliyethubutu kubishana naye. Madukani chupa za namna ile zilikuwa zimeadimika. Mie nikaenda, nikamwamkia, nikamwambia naiomba nipande nayo Kilimanjaro, nimletee theluji ya kileleni aishike kwa mkono wake.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, karani wa ghala kiwandani. Shule niliishia darasa la saba. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya maktaba, na mtu aliyejifundisha mwenyewe ana hofu moja isiyokwisha, kwamba iko siku ataulizwa swali mbele za watu na atakosa jibu. Kwa hiyo nilitaka kila jambo langu lisiwe na dosari. Wenzangu watatu wa kiwandani waliposema tutumie likizo kupanda mlima, wao walitafuta viatu. Mie nilitafuta daftari. Kila Jumapili nilikwenda Goba kupanda na kushuka vilima na mfuko wa mchanga mgongoni, nikiandika dakika. Watu wa huko waliniuliza kama Temeke mchanga umekwisha.

Jirani yetu mmoja, Mnyamwezi, kuli wa bandarini, alikuwa mtani wangu, maana sie ni Wazaramo. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote, na huyu hakuiacha ruhusa hiyo ilale bure hata siku moja.

"Mama balozi, unampa Mzaramo chupa?" alisema. "Hawa kitu kirefu walichowahi kupanda ni mnazi, tena wanashuka wamelewa!"

Balozi hakucheka. "Mwanangu," akaniambia, "ikivunjika, msiba ujao chai utaigawa kwa viganja vyako."

Maneno hayo nilipanda nayo mlima.

Kiongozi wetu alikuwa mzee wa Kichaga, mpole, asiyependa maneno mengi. Siku ya kwanza aliniweka mbele ya mstari. Niliona fahari, nikaandika hata kwenye daftari. Siku ya pili nikajua kwamba anayewekwa mbele ni yule aliye dhaifu kuliko wote, ili wengine waufuate mwendo wake. Ukurasa ule niliuchana.

Siku ya kufika kileleni tuliondoka bandani kabla ya mapambazuko. Jua lilitukuta kwenye mteremko wa kokoto na majivu, pale ambapo ukipiga hatua moja unarudi nusu. Kichwa kiligonga kama ngoma. Nilitapika mara mbili, nikafukia kwa mguu ili mtu asione. Meno yaligongana hata kiongozi aliponiuliza hali sikuweza kumjibu.

"Sweta lako liko wapi?"

Nikamwonyesha mfuko. Akaufungua, akaitoa chupa. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya sweta langu zito, mikono ya sweta imefungwa vizuri shingoni mwa chupa.

"Umeivalisha chupa?"

"Ni ya nyumba kumi, mzee," nikasema kwa shida. "Baridi itapasua kioo."

"Kijana, hiyo chupa imetengenezwa isisikie baridi. Wewe hukutengenezwa hivyo."

Akanivisha sweta kama mtoto, mkono mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema nitashuka na msaidizi wake. Nikamwomba. Nikamwambia bado kidogo tu, ukingo wa juu nauona. Nakiri kwamba nililia.

"Mlima haujahama tangu nizaliwe," akasema. "Ukipona utaukuta."

Mwenzangu mmoja alinionea huruma. Akanionyesha ufa kwenye mwamba, hatua chache pembeni, ambamo theluji ya zamani ilikuwa imeganda, imechanganyika na majivu. "Jaza hapo," akanong'ona. "Theluji ni theluji. Sie tutasema umefika."

Nikajaza. Na nilipokuwa nashuka, tayari nilikuwa natunga maneno ya kuelezea kilele.

Basi la kutoka Moshi lilituchukua siku nzima, chupa iko mapajani. Hadi tunaingia Dar nilikuwa nimekamilisha hadithi yangu: upepo ulivyovuma, mawingu yalivyoonekana chini ya miguu, yote nimeyatoa vitabuni. Haikuwa na dosari.

Kesho yake alasiri nyumba kumi zote zilikaa kibarazani kwa balozi. Akafungua chupa mwenyewe, akamimina kwenye kikombe. Maji. Maji matupu, na mchanga mweusi kidogo umetuama chini.

"Ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Ilikuwa nyeupe, mama. Imeyeyuka."

Watu wakatazamana. Mtani wangu akainuka. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliniuliza jambo bila kucheka: "Kileleni umefika?"

Hadithi yote ilikuwa mdomoni. Nikamtazama balozi ameshika kikombe kile kwa mikono miwili, kwa heshima, nikashindwa.

"Sikufika," nikasema. "Niliugua. Nimerudishwa njiani, na hiyo nimeichota chini ya ukingo. Wenzangu walifika, mie sikufika."

Mtani akapiga kigelegele kama mama wa bibi harusi.

"Alhamdulillahi! Angefika huyu tungehama Temeke! Angetutaka tumsalimie kwa miadi!" Akamnyang'anya balozi kikombe. "Mtani ndiye anayeonja kwanza. Nikifa, nizikeni nyie Wazaramo, ndiyo kazi ya watani." Akanywa, akakunja uso. "Yana mchanga. Huyu kayachota Goba!"

Kibaraza kizima kikacheka, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Kikombe kikazunguka, kila mmoja akalamba tone lake. Balozi peke yake hakuwa na haja na maji. Aliitikisa chupa, akaitega sikioni.

"Kioo kizima?"

"Kizima, mama."

"Basi kaioshe, uikaushe, uirudishe kabatini. Kesho kuna hitima nyumba ya sita."

Sijarudi mlimani. Daftari la dakika nilimpa mtani asokotee tumbaku, na hakulirudisha. Lililobadilika ni hili: siku hizi nikishindwa jambo nasema nimeshindwa, siku ileile, kisha nalala usingizi.