Sahani ya Ini

Mke wa mwenye bucha hakuwa mtu wa kudeka. Tangu usichana wake aliosha matumbo ya ng'ombe machinjioni, damu ikimfika viwikoni, na kazi ikiisha alikula nyama kama wenzake. Mimba ndiyo iliyomgeuza. Harufu ya nyama ikipita tu, moyo unamchafuka. Akakonda, viganja vikapauka, ngazi za nyumbani zikawa zinamkata pumzi.

Kliniki muuguzi alimpima, akamwambia damu imepungua. Akampa vidonge vya kuongeza damu, na kwa kuwa nyama haipiti, akamwelekeza kwenye maharage, dengu, mboga za majani na mbegu za maboga. Ashushie na chungwa, ili mwili uyapokee vizuri madini ya chuma yaliyomo, na chai asinywe pamoja na chakula.

Mume alilichukua hilo kama tusi. Watu watasema nini, mwenye bucha kumlisha mkewe majani kama mbuzi? Alianza kwa kununa. Baadaye akaipiga teke sufuria ya dengu. Jumapili moja akaja na ini, akalikaanga mwenyewe, akamkaba mkewe shingo na kumshindilia kipande mdomoni. Mke akamtapikia shatini. Kofi la kwanza likampasua mdomo, la pili likamwangusha sakafuni. Akajikunja kulikinga tumbo, na kiatu kikamshukia mgongoni.

Mama mkwe, waliyeishi nyumbani kwake, alikuwa uani akipepeta maharage. Aliingia na mchi. Alimtandika mwanawe mkononi mpaka mfupa ukalia, alipogeuka akamshushia mchi gotini. Jitu zima likaanguka likilia.

"Mama, unaniua kwa ajili ya huyu?"

"Baba yako alinipiga hivyo hivyo nikiwa na mimba yako, na hakuna aliyeingia. Toka nyumbani kwangu."

Majirani walimbeba mume hospitali. Hakurudi kuishi pale.

Mke na mama mkwe wakabaki wakila maharage, mchicha na machungwa, mpaka kliniki wakasema damu imepanda. Mtoto alizaliwa wa kike, mzito, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Baba yake alikuja kumwona, mkono ukiwa bado kwenye bandeji. Mama mkwe akainuka, lakini mke, mtoto mikononi, akamtangulia mlangoni.

"Mwangalie ukiwa hapo hapo nje," alimwambia mumewe. Alimwinua mtoto kidogo aonekane, kisha akafunga mlango.