Mazoezi ya Kutukanwa

Juzi nilishuka Ndhiwa kununua omena, wale dagaa wa ziwani, nikakuta palipokuwa na kanisa letu la mabati kuna duka la simiti. Nikasimama pale nikicheka peke yangu. Maana humo ndani, rafiki yangu, ndimo nilimofundishwa kuwatukana wazee.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kanjo, wale askari wa baraza la mji, walitaka kuwafukuza akina mama sokoni, na nyanya yangu, aliyenilea kwa kuuza omena ya kisiwa cha Mfangano, hakuwa na kazi nyingine. Mchungaji wetu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa amesoma maandiko mpaka akafikia wazo moja: anayekupiga anataka umrudishie, ili apate sababu. Ukikataa, unamwacha na aibu yake. Wanaume walimcheka wee. Akina mama wakamsikiliza.

Basi kila Jumapili baada ya ibada tulifanya mazoezi. Akina mama waliketi sakafuni wameshikana mikono, sisi watoto ndio tukawa kanjo. Tuliwavuta vitambaa, tukapiga mabeseni mateke, tukawaita majina ambayo siku nyingine yangeniletea kiboko. Nilikuwa hodari, nisikudanganye. Nyanya, mwanamke wa hasira za karibu, mara ya kwanza alinizaba kofi mbele ya msalaba. Mchungaji akamwambia aanze upya. Ilimchukua miezi miwili kujua kunyamaza.

Siku yenyewe akina mama waliketi barabarani kimya, mabeseni mapajani. Kanjo mmoja akamwaga omena ya nyanya, akaikanyaga. Nyanya akafumba macho, midomo ikimcheza, asiseme neno. Lakini mimi nilikuwa nimefanya mazoezi ya kutukana tu. Nikaokota jiwe, nikampata yule kanjo sikioni.

Wololo, rungu hizo! Mchungaji akaja kusimama mbele yangu.

“Jiwe ni langu,” akawaambia. “Mimi ndiye niliyewafundisha, na huyu nilimsahau.”

Walimweka ndani wiki tatu. Akina mama wakaendelea kuketi, hadi kanjo wakachoka wakawaachia soko. Mchungaji alirudi akichechemea, nami nikawa namkwepa kwa aibu. Jumapili akaniita mbele, akaniketisha sakafuni, kisha akamwomba nyanya anitukane.

Nyanya hakuhitaji kuombwa mara mbili. Nililia, nikanyamaza, nikalia tena, ila sikuinua mkono.

Wote wawili wamezikwa zamani. Hasira za nyanya ninazo mimi sasa, na hakuna tena wa kunifanyisha mazoezi.